Deni na Kitenzi: Namna ya Kuandika Usaliti, Hatia na Ukombozi katika Hadithi ya Makuzi

Hadithi nyingi za makuzi huharibikia mahali pamoja. Kijana anamsaliti mtu aliyempenda, analia kurasa kadhaa, anakua, kisha sura ya mwisho inamsamehe. Msomaji anafunga kitabu asijue hasa aliyesalitiwa alipoteza nini, wala kilichorudishwa ni kipi. Mwandishi kaandika machozi, hesabu hakuiandika.

Mwongozo huu umesimama juu ya hesabu hiyo. Usaliti ni deni, na deni lina mdai, mdaiwa, kiasi na namna ya kulipwa. Ukivijua vinne hivyo kabla ya sentensi ya kwanza, hatia ya mhusika wako itakuwa na mahali pa kushika, na ukombozi wake hautakuwa zawadi unayompa kwa sababu unampenda.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Badi ana miaka 13, analelewa na mjomba wake seremala. Kheri, miaka 17, ni mwanagenzi katika karakana ya mjomba na analala humo humo. Usiku mmoja Kheri akiwa ametoka, Badi anaingia karakana na mshumaa kutafuta kisu cha kuchongea alichokatazwa kukigusa. Mshumaa unaangukia maranda yaliyolowa vanishi. Karakana inateketea. Asubuhi, mbele ya watu watano, mjomba anamuuliza: "Kheri ndiye aliyeacha mshumaa?" Badi anaitikia kwa kichwa.

Hatua ya 1: Andika daftari la deni

Chukua karatasi moja, uigawe safu tatu. Safu ya kwanza andika vitu vinavyohesabika alivyopoteza aliyesalitiwa. Kheri amepoteza kazi, mahali pa kulala, mwaka mmoja uliobaki wa uanagenzi, na patasi saba alizozikusanya moja moja kwa miaka miwili. Usiandike "alipoteza kila kitu". Kila kitu hakionekani. Patasi saba zinaonekana.

Safu ya pili ni ya visivyohesabika, navyo pia viandike kwa usahihi uleule. Kheri amepoteza jina lake mbele ya watu watano. Wataje watu hao kwa majina, kwa sababu mbele yao ndipo deni lilipoandikwa, na mbele yao ndipo litakapotakiwa kufutwa. Amepoteza imani ya fundi wake. Amepoteza yakini kwamba yule mtoto aliyekuwa akimfuata kila mahali alikuwa upande wake.

Safu ya tatu weka herufi mbele ya kila kitu: R kwa kinachoweza kurudi kilivyokuwa, B kwa kinachoweza kurudi kwa sura nyingine, H kwa kisichorudi kamwe. Patasi ni R. Kazi ni B, maana Kheri anaweza kuipata kwingine, kwa kuchelewa. Ule mwaka wa ujana wake ni H. Hakikisha unayo angalau R moja na H moja. Ukikosa H, ulichoandika ni kutoelewana kwa muda, na msomaji atashangaa kwa nini watu wanalia. Ukikosa R, mhusika hatakuwa na la kufanya isipokuwa kusikitika, na masikitiko hayajengi theluthi ya mwisho ya hadithi.

Chini ya safu hizo andika jambo ambalo waandishi wengi hulisahau: msaliti alipata faida gani? Badi hakupigwa. Amebaki nyumbani kwa mjomba. Karakana ikijengwa upya, yeye ndiye atakayesimama kwenye meza ya Kheri na kufundishwa kushika randa. Faida hii isikauke, aendelee kuila kila siku. Mtu anayejutia kosa lisilomfaidi chochote anahuzunika tu. Anayejuta huku bado anakula matunda ya kosa lake ndiye mwenye hadithi.

Hatua ya 2: Linganisha usaliti na umri

Umri ndio unaopima uzito wa hukumu. Mtoto wa miaka saba au minane haoni mbali kuliko adhabu ya jioni ile, kwa hiyo msomaji atamwachilia papo hapo na deni halitasimama. Wa miaka 17 anajua vyema anachofanya. Hapo hadithi huelekea kuwa ya jinai zaidi kuliko ya makuzi. Kati ya miaka 11 na 14 ndipo penye rutuba. Mtoto wa umri huo anaona kwamba mwenzake ataumia, lakini hatari yake mwenyewe anaiona kubwa kuliko ilivyo. Badi anadhani mjomba angemfukuza. Akiwa mkubwa atatambua kwamba mjomba angempiga, angemnunia mwezi mzima, basi. Tofauti kati ya hofu ya wakati ule na ukweli anaoujua baadaye ndiyo makuzi yenyewe, nawe unaipata bure ukiuchagua umri vizuri.

Usaliti una sura nyingi, lakini kwa kijana hurudi kwenye nne: kunyamaza, kusema uongo, kumkana mtu kwa kumwonea aibu, na kuondoka. Watu hudharau ile ya tatu kwa kuwa haina polisi wala moto. Isomwe *Great Expectations* ya Charles Dickens, iliyochapishwa kwa mfululizo mwaka 1860 na 1861: Pip amepata fedha na nguo nzuri, na Joe, mhunzi aliyemlea, anapomtembelea London, Pip anamwonea haya. Joe anaanza kumwita "bwana". Hakuna aliyepoteza mali hapo. Kilichopotea ni haki ya kumwita kijana aliyemlea kwa jina lake, na kila msomaji anajua bei yake.

Hatua ya 3: Jenga kinachosalitiwa

Kabla ya usaliti andika mandhari tatu, yaani vipande vitatu vya tukio linaloonekana, za upendo kati ya wawili hawa. Pungufu ya hapo msomaji hatajali. Kila moja iwe na kazi yake. Katika ya kwanza Kheri anampa Badi kitu ambacho yeye mwenyewe anakihitaji. Katika ya pili Kheri anabeba lawama ndogo ya Badi bila kuombwa, na hii ndiyo inayofanya ile lawama kubwa baadaye iwe chungu: Badi anakumbuka kwamba mabega yale yalikwisha kumbebea. Katika ya tatu Badi anamkosea Kheri kidogo, anasamehewa kwa urahisi, wala halifikirii tena. Msamaha rahisi ukitangulia, msamaha mgumu wa mwishoni utakuwa na cha kulinganishwa nacho.

Usiandike "walikuwa kama ndugu wa tumbo moja". Sentensi hiyo hufanya kazi ambayo mandhari tatu zingefanya, na huifanya vibaya.

Ndani ya mandhari hizo pandikiza sababu mbili za usaliti, ya juu na ya chini. Ya juu Badi anaijua: hofu. Ya chini haijui bado: mjomba aliusifu mkono wa Kheri kwa namna ambayo hajawahi kumsifu Badi. Iguse mara mbili tu, kwa sentensi moja moja, tena wakati msomaji anaangalia kitu kingine. Badi ataitambua sababu ya chini baada ya miaka, na siku atakapoitambua deni litakuwa kubwa kuliko alivyodhani. Hofu peke yake huzaa usaliti mwembamba. Hofu iliyochanganyika na wivu usiojulikana inaweza kuilisha riwaya nzima.

Hatua ya 4: Tendo lenyewe

Katika riwaya ya maneno 60,000, liweke kati ya neno la 12,000 na la 18,000. Katika hadithi fupi ya maneno 4,000, lisipite neno la 1,200. Likichelewa, hatia haitapata nafasi ya kukomaa. Likiwahi, mandhari tatu hazitakuwa zimekaa moyoni.

Liandike fupi, maneno 400 hadi 700. Liwe tendo moja linaloweza kupigwa picha: kuitikia kwa kichwa, mlango uliofungwa, mkono uliotolewa begani. Na pawe na upenyo. Sekunde chache kabla, mtu ampe Badi nafasi ya kusema kweli. Labda mmoja wa wale watano anasema, "Mwacheni mtoto, pengine hajui." Badi angeweza kuukamata mkono huo. Asipokuwa na upenyo, umemwandikia ajali.

Hapa Kiswahili kinakupa chombo kizuri ukijua kukitumia. Kiambishi *-ka-* hufunga matendo mkufu mmoja: mjomba akauliza, Badi akainua uso, akaitikia kwa kichwa, watu wakatawanyika. Kila tendo linaonekana kama limevutwa na la kabla yake, kana kwamba hapakuwa na mtu wa kuamua. Ndivyo Badi atakavyojisimulia miaka yote ijayo. Kwa hiyo ukate mkufu mahali pamoja tu, kabla ya tendo. Mjomba akauliza. Badi akainua uso. Hakuna aliyekishika kichwa chake. Akaitikia. Sentensi ile moja isiyo na *-ka-* inatosha kumwambia msomaji kwamba palikuwa na uchaguzi, bila msimulizi kuhubiri.

Baada ya tendo, kata. Usieleze katika aya ileile jinsi alivyojisikia.

Hatua ya 5: Usiusahau usaliti wa pili

Hatua hii ndiyo inayotenganisha kazi nzito na nyepesi. Usaliti wa kwanza ulitokea kufumba na kufumbua, na hofu inaweza kuutetea. Wa pili hutendwa kwa nafasi, mchana, baada ya kufikiri. Sababu yake si hofu tena: aliyesalitiwa amekuwa kioo, na msaliti hataki kujitazama.

Khaled Hosseini ameujenga hivyo katika *The Kite Runner* (2003). Amir, mwenye miaka 12 katika majira ya baridi ya 1975, anaona Hassan, rafiki yake na mtoto wa mtumishi wa nyumbani kwao, akidhulumiwa kichochoroni, naye anajificha. Hilo ni la kwanza. Baadaye anaweka saa yake na fedha chini ya godoro la Hassan ili aonekane mwizi na aondoke nyumbani. Hassan anakiri wizi asioufanya. Wasomaji wengi humwelewa Amir wa kichochoroni. Amir wa godoro ndiye anayewachoma, na ndiye anayefanya safari ndefu ya baadaye iwe ya lazima.

Kwa Badi usaliti wa pili ni mdogo kwa umbo. Baada ya siku nane Kheri anarudi kuuliza kama patasi zake zimeonekana katika majivu. Badi amezipata, saba zote, mipini imeungua lakini vyuma ni vizima. Anasema hakuona kitu.

Uweke maneno 3,000 hadi 6,000 baada ya ule wa kwanza. Kosa la kawaida hapa ni kuutia chumvi. Badi akimtupia Kheri polisi au akimpiga, msomaji anamwondokea na hatarudi. Uwe mdogo kuliko wa kwanza kwa madhara, mkubwa kuliko wa kwanza kwa kusudi. Na kitu kilichotumika, hapa zile patasi, kibaki mikononi mwa msaliti. Kitahitajika.

Hatua ya 6: Hatia, mwilini na katika kitenzi

Tenganisha kwanza aibu na hatia. Helen Block Lewis, mwanasaikolojia wa Marekani, aliuweka wazi mpaka huu katika kitabu chake cha 1971: aibu humhukumu mtu mzima, hatia hulihukumu tendo. Mwenye aibu anasema ndani yake, "mimi ni mbaya," na mtu mbaya hana la kurekebisha, kwa hiyo hujificha, hukasirika, hulaumu wengine. Mwenye hatia anasema, "nilitenda ubaya," na ubaya uliotendwa una mahali pa kuanzia kutengenezwa. Njia ya ndani ya hadithi ya makuzi ni kutoka ile ya kwanza kwenda ya pili. Mhusika akianza na hatia safi tangu siku ya tendo, tayari ni mtu mzima na huna hadithi. Akibaki na aibu hadi mwisho, ukombozi wake utakuwa wa kuigiza.

Kiutendaji, theluthi ya kati iandike kwa tabia za aibu. Badi anazunguka njia ndefu ili asipite ilipokuwa karakana. Anaondoka chumbani jina la Kheri likitajwa, au analitaja yeye kwa dharau. Anashindwa kupokea sifa. Anakuwa mkarimu kupita kiasi kwa mwanagenzi mpya ambaye hamdai chochote. Anajifunza useremala kwa bidii ya kutisha, na mjomba anadhani ni kipaji. Chagua tabia tatu kati ya hizi, si zote, kila moja ionekane mara tatu, na kila mara imgharimu zaidi kidogo.

Kisha pitia rasimu ukifuta misemo iliyochoka: *nafsi ilimsuta, moyo ulimuuma, alijuta sana, hakupata lepe la usingizi*, na ndoto zote za moto. Ni misemo mizuri ya kusimulia habari kwa jirani. Katika hadithi humfungia msomaji mlango, kwa sababu inataja hisia kabla hajaihisi. Jiruhusu mmoja kwa kitabu kizima, na uuweke mdomoni mwa mtu mwingine anayemzungumzia Badi bila kujua ukweli.

Sasa kitenzi. Hapa lugha yetu ina utajiri ambao waandishi wengi wameukalia tu. Kiswahili kina njia nyingi za kusema jambo limetokea bila kumtaja mtendaji: mshumaa ulianguka, karakana iliungua, patasi zilipotea, Kheri alifukuzwa. Kila sentensi ni kweli, na kila moja ni maficho. Mweke Badi katika vitenzi hivi tangu asubuhi ile. Ikiwa ni msimulizi wa nafsi ya kwanza, asitumie kamwe kitenzi chenye *ni-* kuhusu moto. Anaweza kusema *niliamka, nilisikia kelele, nilikimbia nje*. Lakini mshumaa uanguke wenyewe na karakana iungue yenyewe. Msomaji makini ataanza kuona pengo, kama jino lililong'oka.

Kisha msogeze hatua kwa hatua. Karibu na nusu ya kitabu: "karakana iliungua siku ile nilipoingia." *Ni-* imesogea karibu na moto, haijaugusa. Baadaye: "mshumaa uliniponyoka." Sasa yumo ndani ya kitenzi, ila kama mtendwa. Mwishoni, mbele ya watu: "Mshumaa niliuangusha mimi. Karakana niliiunguza mimi. Kheri hakuwamo." Maneno manane. Ukiwa umeufuata utaratibu huu kwa kurasa mia mbili, hayahitaji kilio wala mvua ya kusindikiza. Mtenda ameingia katika kitenzi chake.

Jambo la pili ni *-ngali-* na *-nge-*. Wasemaji wengi siku hizi huvichanganya, lakini katika kazi hii vitenganishe kwa ukali. *Ningalisema* ni mlango uliokwisha kufungwa. Ni majuto yanayozunguka mahali pamoja, na yana utamu wake wa hatari, kwa kuwa anayesema *ningalisema* hadaiwi chochote leo. *Ningesema* bado una hewa: jambo lingali linawezekana. Theluthi ya kati Badi atumie *-ngali-*. Siku ileile unayotaka ageuke, bila kutangaza, mbadilishie kiambishi: ningezirudisha patasi. Kurasa chache mbele: nitazirudisha. Viambishi vitatu, na safari nzima ya dhamiri imeandikwa.

Hatua ya 7: Mgeuko

Asigundulike. Siri ikifichuliwa na mtu mwingine, ungamo linakuwa kukubali kinachojulikana, na thamani yake inashuka karibu na sufuri. Mgeuko unataka mambo matatu kwa pamoja: Badi ajue ukubwa wa deni kuliko alivyoujua awali, awe bado anaweza kunyamaza kwa usalama, na awe na kitu cha kupoteza akisema. La tatu ndilo linaloachwa mara nyingi. Badi wa miaka 19 anakaribia kukabidhiwa karakana mpya. Akisema, huenda asikabidhiwe.

Mahali pake ni baada ya asilimia 65 hadi 75 ya kitabu. Uchochewe na kitu kidogo kinachotoka kwenye daftari la deni: anakutana na kazi ya Kheri mahali fulani, kiungo cha mbao kilichokatwa kwa patasi mbaya, na mkono wake unatambua kwamba fundi aliyekata vile hakumaliza mafunzo. Deni limeonekana kwa macho ya seremala. Barua za ghafla na watu wanaokata roho baada ya kutamka siri ni vichochezi vya bei rahisi, na msomaji anavinusa.

Hatua ya 8: Malipo

Kabla ya kubuni malipo, tazama watu waliolifikiria jambo hili kwa karne nyingi walivyolichambua. Imam Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13, anataja masharti ya toba: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na iwapo limegusa haki ya mja, kumrudishia mwenye haki haki yake. Kanisa Katoliki huzungumzia majuto, ungamo na malipizi. Maimonides, mwanachuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, anasema toba kamili hujulikana pale mtu anapojikuta tena katika nafasi ileile ya kukosa, ana uwezo wa kukosa, na asikose. Huna haja ya mhusika mwenye dini ili utumie hekima hii. Ukizisoma pamoja utaona kwamba majuto ni sharti moja tu kati ya kadhaa. Rasimu nyingi huishia hapo hapo.

Rudi kwenye daftari. Kila R ilipwe kwa kitu kilekile, kila B kwa kinachofanana nayo, kila H iachwe wazi na isemwe kwamba ipo wazi. Patasi saba zirudi, zikiwa na mipini mipya aliyoichonga Badi. Jina lisafishwe mbele ya wale watano. Mmoja amekwisha kufa, mwingine amehama. Badi amtafute aliyehama, na aliyekufa abaki sehemu ya deni isiyolipika. Usimpunguzie safari hiyo. Kumwambia Kheri peke yake faraghani ni rahisi na hakumsafishi, kwa maana Kheri ndiye mtu pekee, ukimtoa Badi mwenyewe, aliyekuwa akijua kwamba hakuwasha moto ule.

Yapo malipo ya uongo, nayo yana mvuto mkubwa. Zawadi ya siri: Badi anamtumia Kheri fedha bila jina. Inampunguzia Badi uzito na inamwacha Kheri na jina lilelile lililochafuliwa. Kujiumiza: Badi anajinyima, anajitesa, anapigwa, hakuna patasi hata moja iliyorudi. Ushujaa: Badi anamwokoa mtoto wa mtu katika moto mwingine. Hapa amelipa deni asilodaiwa, na Kheri bado anangoja. Kifo: msaliti anakufa kwa kujitoa, na mwandishi anapumua kwa kuwa mazungumzo magumu hayatahitajika tena. Yote haya yanaweza kuwemo katika hadithi kama majaribio yaliyoshindwa, na yakiwemo hivyo yana nguvu sana. Kwa hakika mpe Badi angalau moja.

Vipi kuhusu kulipa kwa kusimulia? Ian McEwan amelijaribu swali hili hadi ukingoni katika *Atonement* (2001). Briony, mwenye miaka 13 mwaka 1935, anatoa ushahidi wa uongo dhidi ya Robbie, mpenzi wa dada yake. Mwishoni, akiwa mzee, anafichua kwamba wapenzi aliowatenganisha walikufa wote wawili mwaka 1940, na kukutana kwao tulikokusoma ni yeye aliyekubuni. Alichowapa kilikuwa kizuri, na hakikuwafikia. Ukimfanya msaliti wako kuwa mwandishi, beba mzigo huo. Usiuandike kana kwamba kitabu chenyewe ni risiti.

Na jaribio la Maimonides usiliache. Baada ya ungamo, mweke Badi mara moja zaidi mahali ambapo kuitikia kwa kichwa kungemfaa. Maneno 300 yanatosha. Mwanagenzi mpya kavunja kitu, au anadhaniwa kakivunja, na mjomba anamtazama Badi.

Hatua ya 9: Msamaha si wa msaliti

Malipo yanamhusu mdaiwa. Msamaha ni mali ya mdai, na mdai anaweza kuukalia. Kabla ya kuandika mkutano wao, andika ukurasa mmoja wa maisha ya Kheri ambamo Badi hatajwi kabisa: anafanya kazi gani sasa, anamwogopa nani, anataka nini mwezi ujao. Bila ukurasa huo Kheri atakuwa kiti cha kuungamia. Pamoja nao huenda akasema jambo ambalo hukulipanga. Pengine anazipokea patasi, anaijaribu moja kwa kidole gumba, anasema, "Hii hukuinoa vizuri," na anarudi kazini. Huo si msamaha, wala si kukataa. Jibu la namna hiyo hukaa na msomaji muda mrefu kuliko kukumbatiana.

Kheri asiseme hekima. Waliodhulumiwa hawana wajibu wa kuwafundisha waliowadhulumu, na hadithi inayowapa kazi hiyo inawadai mara ya pili.

Hatua ya 10: Masahihisho

Pitia rasimu mara tatu, kila mara kwa kazi moja tu.

Mara ya kwanza shika daftari la deni. Kila kilichoandikwa humo kionekane kikipotea, na hatima yake ionekane: kimerudi, kimebadilika, au kimeachwa wazi. Kitu kikikosa hatima, ama kifute kwenye daftari ama kiandikie mandhari.

Mara ya pili weka alama kwenye kila kitenzi kinachohusu tendo la usaliti, kisha visome vikiwa peke yake, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kama orodha. Orodha hiyo ikionyesha mtenda akisogea polepole kuelekea kitenzi chake, kazi iko sawa. Akiruka ghafla kutoka *iliungua* hadi *niliiunguza*, unahitaji vituo viwili vya katikati. Akiwa amesema *niliiunguza* mapema, hata mara moja, hata katika wazo, kiondoe.

Mara ya tatu soma mandhari za Kheri peke yake, kwa mfululizo, ukiruka mengine yote. Zikikupa hadithi inayoeleweka ya kijana aliyepoteza ufundi wake akautafuta kwa njia nyingine, umemaliza. Zikikupa tu vipande vya mtu anayetokea Badi anapohitaji kujuta, rudi hatua ya tatu na uanze kumjenga upya kutoka hapo.